Kilichokuwa Ndani ya Sanduku la Bi Hidaya

Mmeniomba mawaidha, kurasa chache za kuweka mbele ya kijitabu chenu cha katuni. Mawaidha sina. Nina kinyongo, na kinyongo chenyewe kimeshakuwa mtu mzima. Lakini mmekuwa mkininunulia chai kila Jumapili hapa Dubai, pale kafeteria ya Muraqqabat, na mla cha mwenzio na chako huliwa, kwa hiyo naandika.

Aliyenichokoza ni Wanjiru. Nyote mnamjua, dada wa Nyeri anayelinda mlango wa duka la manukato. Jumapili iliyopita alikuja na kitabu kipya cha katuni za Bi Hidaya, akakibwaga mezani, macho mekundu.

"Mzee Athumani, hii ending imenimaliza. Kumbe box ilikuwa empty! Miaka yote tunabishana, kumbe haina kitu. Nimelia kwa metro mpaka mama mmoja Mhindi akanipatia tissue."

Idi wa Kigoma akatikisa kichwa. "Yule mwandishi Mmarekani ana kichwa, jamani. Mtu gani anafikiria kitu kama hicho?"

Mkampigia makofi mtu ambaye hayupo. Mimi nikanywa chai yangu ikiwa bado moto, ikaniunguza ulimi, nikanyamaza. Nimenyamaza hivyo miaka mingi na nimekuwa fundi wa kunyamaza. Leo sinyamazi. Bi Hidaya nilimtunga mimi. Sanduku lile, lile la ukurasa wa mwisho wa kitabu cha kwanza, nililiweka pale mimi. Na halikuwa tupu.

Najua mnavyofikiri. Kila mzee Dubai kwao alikuwa mtu mkubwa. Basi nisikilizeni, halafu mwamue.

Kazi hii nilijifunzia Dar es Salaam, kwenye gazeti la katuni la kila wiki. Watu wengi hawajui kwamba katuni ina mwandishi. Wanadhani mchoraji anakaa kitako na hadithi inamtiririka kwenye kalamu. Mwandishi hachori hata mstari. Anaandika ukurasa wa kwanza, picha ya kwanza, nani kasimama wapi, anafanya nini, mdomoni ana maneno gani. Mchoraji akishamaliza, hakuna anayekumbuka kwamba kulikuwa na karatasi. Mkiichagua kazi hii mjue mnachagua kusahaulika, na hapo bado hamjakutana na mwizi.

Mhariri wangu alikuwa Mzee Kassiani, mtu wa Songea, mnene, mvuta sigara, mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Hadithi yangu ya kwanza nilimpelekea nikiwa nimejaa kiburi. Katika picha moja nilikuwa nimeandika: Juma anafungua mlango, anamwona nyoka, anapiga kelele, anakimbia, anaanguka mtaroni. Mzee Kassiani akavua miwani.

"Kijana, nenda pale mlangoni. Fungua, mwone nyoka, piga kelele, kimbia, uanguke. Vyote kwa mpigo mmoja. Mimi nakupiga picha."

Ofisi nzima ikacheka. Nilisimama mlangoni sijui niinue mguu au nifumbue mdomo. Ndivyo nilivyojua kuwa picha moja hubeba tendo moja, na kwamba mengine yanatokea kwenye ule mstari mweupe kati ya picha na picha, kichwani mwa msomaji.

Kosa la pili lilikuwa maneno. Nilimwandikia bibi harusi hotuba. Mchoraji hakunionea huruma, akayaandika yote kama yalivyo, kiputo cha maneno kikamfunika bibi harusi kuanzia kilemba mpaka kifuani. Wasomaji wakaleta barua kuuliza kwa nini amefichwa, ana makengeza? Mzee Kassiani alinisomea barua hizo moja moja, kisha akasema, "Picha ikishasema, wewe unasema nini tena?" Alinifundisha pia kwamba swali liwekwe kwenye picha ya mwisho kabla ya kugeuza ukurasa, na jibu likae upande wa pili, ili mkono wa msomaji ufanye kazi. Mzee yule hakuwahi kunisifu hata siku moja. Kwenye kila toleo, lakini, jina langu lilikuwapo, chini ya kichwa cha hadithi, limeandikwa sawasawa. Nilidhani ni jambo la kawaida, kama mtu kuwa na kivuli. Mpaka leo namwombea.

Gazeti likafa, watu wakahamia kwenye simu. Nikaja huku kama mlivyokuja nyinyi, na begi na namba ya simu ya mtu. Nilianza kwenye ghala, nikahamia ofisi moja ya Silicon Oasis kuwa mtu wa chai. Ofisi hiyo ilikuwa ikitengeneza vitabu vya katuni. Nilicheka peke yangu siku ya kwanza. Mungu ana mzaha wake.

Mwandishi wao alikuwa Lyle, Mmarekani mwenye mvi ndefu alizozifunga nyuma kwa mpira. Kwao alikuwa ameandika katuni tangu ujana. Akiwa na miaka ishirini na mbili alimbuni shujaa mmoja, kampuni ikamchukua yule shujaa, ikafuta jina la Lyle, basi. Tukiwa jikoni alinieleza jinsi alivyoona watoto wa hapa hapa Dubai wakivaa fulana zenye sura ya shujaa wake, akageuza uso ukutani ili mke wake asimwone analia. Na alipokuwa akinieleza alilia tena, mbele yangu, nami nimeshika kitambaa cha vikombe.

"Rafiki yangu, usimpe mwenye kampuni mhusika unayempenda," aliniambia. "Mpe wa pili wake."

Nikaamini kwamba mtu aliyeibiwa hivyo hawezi kuiba. Ujinga mwingine wote niliowahi kuufanya ni mdogo kuliko huo, na nilikuwa na miaka arobaini na sita.

Sasa sikilizeni nilivyopata kiti, kwa sababu hapa pana ufundi. Kila kitabu kilichapwa mara mbili, cha Kiingereza kikisomwa kuanzia kushoto, cha Kiarabu kuanzia kulia. Ili wasichore upya, walikuwa wakigeuza ukurasa mzima kama unavyojiona kwenye kioo. Siku moja naokota vikombe, kurasa za Kiarabu zimebandikwa ukutani, naona mzee mmoja mwenye ndevu za heshima anampa mgeni wake kahawa kwa mkono wa kushoto. Nikacheka.

"Kuna nini?" Lyle akauliza.

"Sir, huyu mzee anamtukana mgeni wake."

Nikawaeleza. Ukigeuza ukurasa, kila mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Katika kitabu kile bibi alikuwa anamlisha mjukuu kwa kushoto, bwana harusi anatoa mahari kwa kushoto, imamu anakula kwa kushoto. Marites, mchoraji wetu Mfilipino, akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Arbab mwenyewe, tajiri mwenye kampuni, alikuwa mtu wa majengo, vitabu vyake hakuwahi kuvifungua. Shule moja ilikuwa imerudisha maboksi mazima na hakuna aliyeelewa sababu.

"Wewe ungefanyaje?" Lyle akaniuliza.

Nikawaambia, mtu akitoa kitu, atoe kwa mikono miwili. Au alete sinia. Mgeuze mtakavyo, adabu haipotei.

"Yalla, Athumani," akasema, "weka chini hivyo vikombe ukae."

Siku hizi Lyle akihojiwa husema mikono miwili ya Bi Hidaya ni heshima aliyoirithi kwa bibi yake mzaa mama. Mama yangu, ambaye ndiye Bi Hidaya mwenyewe, hakuwahi kumpa mtu kitu kwa mikono miwili. Alikuwa anakurushia.

Mama alikuwa akiuza vitumbua Tanga, na nazi zake alizichagua mwenyewe sokoni. Anaishika nazi, anaitikisa karibu na sikio, anasema: hii changa, hii imeoza, hii ina maji mengi, wacha hiyo. Wauzaji walimchukia kwa sababu hakuwahi kukosea. Arbab alipotaka shujaa mwanamke, mtu wa bandarini, niliona sura ya mama kabla hajamaliza sentensi. Nikaandika mjane anayeuza chai nje ya geti la Bandari ya Hamriya. Wachukuzi wanamletea sanduku lililofungwa, anaweka sikio, anatikisa, anawaambia kilichomo. Dawa bandia, pembe za ndovu, pasi za kusafiria za wasichana waliofungiwa. Mnazijua hadithi zenyewe.

Mtaniuliza, si ulionywa? Nilionywa. Lakini nilikuwa nimeosha vikombe miaka mitatu, na hapo kwa mara ya kwanza mtu ananiuliza nina nini kichwani. Ningempa hata figo. Karatasi ya kazi niliisoma mahali penye viza na mahali penye jina langu, kuona kama limeandikwa vizuri. Kilichofuata sikukisoma. Kilisema kwamba chochote kitakachobuniwa na mfanyakazi saa za kazi ni mali ya kampuni. Mama yangu alinijia kichwani saa nne asubuhi, siku ya Jumatatu, kwa hiyo akawa mali yao. Someni karatasi, wanangu. Kama Kiingereza chake kinawashinda, mpelekeeni mtu, hata kama msimamizi anapiga mguu chini akisema khalas, saini.

Kiingereza cha hadithi alikinyoosha Lyle, maana changu kilikuwa cha kidato cha nne. Hilo nampa. Kitabu kilipotoka, juu ya jalada palikuwa na jina lake. Marites aliwekwa ndani, kwa herufi ndogo. Mimi nilitafuta ukurasa kwa ukurasa kwa kidole, nikajikuta nyuma kabisa, penye shukrani: "Na Athumani, kwa chai."

Nilikwenda mezani kwake. Sikupaza sauti.

"Sir, jina langu."

"Kitabu cha pili, rafiki yangu. Inshallah."

Wageni Dubai hujifunza neno hilo kabla hawajajua posta iko wapi, na hulitumia pale ambapo kwao wangesema hapana. Kitabu cha pili kikaja, cha tatu, cha sita. Inshallah. Mimi nikabaki kimya kwa sababu viza yangu ilikuwa mkononi mwa arbab, na binti yangu Zuhura alikuwa akisomea uuguzi Tanga kwa jasho la kiti kile. Niliogopa. Liandikeni hivyo hivyo, msinipambe. Wala sikuwahi kumsemea Marites, ambaye mkono wake ulimpa mama yangu macho. Nilikuwa nalilia jina langu tu.

Kitu kimoja lakini sikukitoa. Mwisho wa kitabu cha kwanza, mchukuzi anamletea Bi Hidaya sanduku dogo lisilo na jina. Analiweka sikioni, analitikisa. Hakuna sauti. Picha ya mwisho anatabasamu, na anakataa kusema kuna nini. Watu walichanganyikiwa na sanduku hilo. Barua zilikuja kutoka Muscat, Mombasa, Manila. Na Lyle hakujua jibu, kwa sababu sikumwandikia.

"Mna nini humo?" aliniuliza.

"Kitabu cha pili, sir. Inshallah."

Alicheka siku hiyo. Baadaye hakucheka tena. Mwaka baada ya mwaka aliniuliza, mara kwa utani, mara kwa hasira. Kuna mchana alifunga mlango, akaketi kwenye kiti cha Marites, akasema, "Niambie, na jina lako litakaa juu pamoja na langu."

"Weka jina kwanza."

"Niambie kwanza."

Tulitazamana. Nilimwona yule kijana wa miaka ishirini na mbili aliyenyang'anywa, nikaona pia kwamba amesoma kwa walimu waliomnyang'anya, akafaulu. Nikatoka nikaenda kuosha kikombe changu. Tulikaa chumba kimoja miaka mingine mitano, tukisalimiana vizuri. Kisha nikafika umri wao wa kustaafu, wakanikatia keki, na leo naishi kwa viza ya Zuhura, ambaye ni muuguzi hapa na ndiye kafeel wangu, mdhamini wa viza, namtania hivyo.

Mwaka jana kulikuwa na maonyesho ya vitabu vya katuni, na Lyle alikuwa azungumze jukwaani. Zuhura akachukua mapumziko kazini ili anipeleke. Nilivaa kanzu yangu ya Idi. Nilikuwa nimejipanga. Nitauliza swali moja mbele ya ukumbi mzima: ndani ya sanduku mna nini? Ama atasema hajui, waulizane inakuwaje mtunzi hajui. Ama ataniona, na kwa ajili ya kilio kile cha jikoni, atasema, muulizeni huyu. Naapa nilitegemea hilo la pili. Baada ya yote yale, bado nilitegemea.

Kipaza sauti kikanifikia. Nikasimama.

"Mister Lyle. Ndani ya sanduku mna nini?"

Alinitambua. Alikuwa ameshika gilasi ya maji, akaiweka mezani polepole. Ukumbi ukatulia. Akawaacha watulie zaidi, jinsi unavyomwacha msomaji kabla hajageuza ukurasa. Kisha akasema, kwa sauti laini kabisa, akinitazama mimi:

"Hamna kitu. Lilikuwa tupu tangu mwanzo. Maisha yake yote amebeba mizigo ya wengine. Anatikisa, hasikii kitu, na kwa mara ya kwanza hana wa kumbebea. Ndiyo maana anatabasamu."

Watu wakasimama. Walipiga makofi, wengine wakifuta machozi. Na ubaya wake, ni jibu zuri. Mimi mwenyewe, mwandishi wa miaka yote hiyo, nilihisi uzuri wake ukinipita mgongoni, nikamchukia zaidi. Nilikuwa nimempa swali mtu ambaye riziki yake yote ni kutunga majibu. Aliyekuja kuchukua kipaza sauti alikuwa ameshakiondoa.

Zuhura akanivuta kanzu. "Baba, si useme? Si unajua wewe?"

"Niseme nini, mwanangu, watu wameshafurahi."

Tulirudi kwa metro. Kwenye lifti ya nyumbani akanishika mkono kama anavyowashika wagonjwa wake. Kile kitabu alicholilia Wanjiru ndicho kilichotoka baada ya siku ile. Bi Hidaya anafungua sanduku, tupu. Mimi ndiye niliyemkumbusha Lyle kulifungua.

Basi chukueni nyinyi kilichokuwamo. Hakinifai tena.

Mwaka wangu wa pili hapa, kabla ya ofisi ile, mama alinitumia nazi kwa jahazi kutoka Tanga. Alizituma na makumbi yake ili zisiharibike, sanduku dogo, limeshindiliwa nyasi kavu lisicheze. Jahazi likaharibikiwa injini, likakaa bandari ya njiani miezi. Mama akafariki. Nilipewa habari kwa simu nikiwa ghalani, na msimamizi akanipa nusu saa. Wiki tatu baadaye wakanipigia kutoka Hamriya, njoo uchukue mzigo wako.

Nilisimama pale na sanduku lenye mwandiko wa mama. Karani akauliza mna nini. Nikaliweka sikioni, nikatikisa. Kimya. Mtu mwingine angesema hamna kitu. Lakini mama alinifundisha, nazi ikianza kuota, maji yake yote hugeuka joya, lile tufe laini jeupe linalojaa ndani mpaka hapabaki nafasi. Nazi yenye joya haitoi sauti. Inanyamaza kwa kuwa imejaa. Utotoni mama akiipata alituita watoto wote, akatugawia. Nikatabasamu mbele ya karani, sikuweza kujizuia.

Hicho ndicho kilichokuwamo, Wanjiru. Nazi sita zilizoota njiani.

Nilizipasua chumbani Muraqqabat siku ya Ijumaa baada ya swala, tulikuwa watu wanane, vitanda vya juu na chini. Nikawakatia joya kila mtu kipande. Lilikuwa tamu, lina ule ubaridi. Mmoja wao, mzee wa Pemba aliyelala kitanda cha juu yangu, akalamba vidole akaniuliza nani ametuma. Nikamwambia mama.

"Mama hajambo?" akauliza.

Wote walikuwa bado wanatafuna. Nikamwambia hajambo, anawasalimu.